Jino la Shomari kwenye Mita Yangu

Nasra,

Muoga mkubwa we. Machungwa. Mtu umempotezea vidole, jina na riziki, halafu unamwendea magharibi umejitanda mtandio mpaka puani, mkononi mfuko wa machungwa, unamnong'oneza maneno mlangoni na kukimbia. Kisha unarudi kunambia, "Bibi, nimeshamwomba radhi, yamekwisha." Yamekwisha kwa nani?

Barua hii nimeiweka juu ya begi lako kusudi usilifunge kabla hujaisoma. Umekwenda kusukwa, ufike Dar es Salaam ukiwa mzuri. Mimi nimekaa juu ya robota la mapazia, karatasi nimeilaza kwenye kifuniko cha sufuria, nahangaika. Unajua mimi na kalamu hatupatani, darasa la nne nililiacha njiani. Lakini nikikwambia kwa mdomo utalia, ukilia nitakasirika, nikikasirika mkono wangu unatangulia, na mkono wangu umeshafanya ya kutosha mwaka huu. Kwa hiyo soma, na usiruke mstari.

Sikuandikii habari za kula na kulala. Joto la kule utalizoea. Ndugu zangu wa Temeke watakupokea kwa kelele na watakuomba vitu, hayo utayamaliza mwenyewe. Mke mwenzangu wewe, mjukuu wangu, nimekulea hapa Guangzhou tangu mama yako alipokwenda zake Maskati akakuacha hujui kufunga kiatu. Umekulia kwenye ngazi za Sanyuanli, katikati ya magunia na selotepu, ukamjibu laoban, bosi wa kago, kwa Kichina kabla hujajua kunisalimia mimi vizuri. Kwenu ni hapa. Huko unakokwenda kesho ni kwetu, na mimi nakujua. Wewe hukujui.

Nianze na mashine yako, usije ukasema Bibi mshamba, anachukia vitu vipya. Sichukii. Ulipoanza ule utafiti wako wa chuo, ukafunga kamera ndogo mlangoni mwa ofisi ya kago na kuifundisha kompyuta kutambua mizigo, nani alijigamba kunishinda? Niliwaambia Watanzania, niliwaambia Wakenya, nilimwambia hata mzee wa Kichina anayechoma viazi vitamu nje ya kituo cha metro, ambaye hajui hata neno langu moja: mjukuu wangu ana akili mnemba yake, anaifundisha kuona. Na ilikuwa inaona kweli. Robota likipita limelowa, inapiga kelele. Gunia limechanika, inapiga kelele. Alama ya mwenye mzigo imefutika, inauliza ni la nani hili. Watu waliacha kushikana mashati kwenye mizani. Kazi ile ilikuwa nzuri, na mpaka leo nasema ni nzuri.

Lakini ukataka ijue na watu, namna wanavyoinama, wanavyobeba, wanavyosimama mbele ya mzigo. Na hapa kwetu nani anataka kupigwa picha? Nusu ya watu wa ukumbi ule wa kago viza zao zimeoza, wakiona kamera wanageuza shingo kama wameona askari. Mmoja tu alikukubalia, Shomari.

Shomari wa Kigoma, mfunga robota wetu, yule mrefu ambaye mzigo wa mapazia anaukandamiza kwa goti mpaka unakuwa kama mto wa kulalia. Viza yake nayo ilikuwa imeoza. Akakubali hata hivyo, kwa sababu ulimwita mjomba. Nilikuwepo. Mchana kutwa anapandisha robota begani, anashusha, wewe unamzunguka na simu. "Geuka huku mjomba. Inamisha kichwa kidogo. Sasa simama kama mtu aliyechoka."

"Kama mtu aliyechoka?" akasema. "Hilo, mwanangu, huna haja ya kuniomba."

Tukacheka wote. Ukampa chai na maandazi, akashukuru kama kapewa ng'ombe. Kisha ukailisha mashine zile picha, mtu mmoja, uso mmoja, kwa mbele, kwa ubavu, kwenye jua na kwenye kiza.

Halafu likapotea robota langu la madera.

Madera yale ya Idi nilikuwa nimeyasimamia mwenyewe kule Kangle, nimegombana na mafundi juu ya kila shingo na kila mkono. Lilipokosekana nilipandwa na wazimu. Laoban wa kago akatoa picha za ile kamera kongwe ya darini. Tukaangalia. Mtu anatoka na robota langu, mgongo unaonekana, bega linaonekana, na juu ya bega kitu cheupe kama kiazi kilichomenywa. Hicho ndicho kilikuwa uso.

Mimi niliridhika kulaani na kwenda zangu. Wewe ndiye uliyesema, "Ngoja Bibi, naweza kuisafisha."

Ukaisafisha. Kile kiazi kikaota macho. Kikaota pua. Likatokea shavu lililobonyea, na chini ya jicho kovu dogo. Chai yangu haijapoa, mtu kazaliwa mle ndani ya kompyuta, na mtu mwenyewe ni Shomari.

Ukanirushia picha kwenye simu. Hukusema "labda." Hukusema "Bibi, subiri." Ulikuwa umefurahi kwamba kitu chako kimefanya kazi.

Na mimi ndiye niliyepiga kelele, sikusukumwa na mtu. Nilishuka na simu mkono mmoja, mita yangu ya mbao mkono wa pili, ile ya kupimia vitambaa. Shomari alikuwa kwenye mizani anafunga mzigo wa mtu. Akaniona, akanyanyua uso, akasema, "Shikamoo Bi Mwanaidi."

Nilimwitikia kwa mita mdomoni.

Nikasema, "Mwizi huyu hapa, tazameni." Nikawaonyesha picha. Watu wa ukumbi ule hawaelewani hata bei ya selotepu, lakini siku ile walielewana. Kamau wa Nairobi, muuza taa, mtu mpole ambaye hata akilaliwa bei anacheka, alivua mkanda. "Huyu jamaa tumemwachia mizigo yetu miaka yote, kumbe," akasema, na akamchapa nao usoni upande wa chuma. Wakambwaga juu ya mizani. Unakumbuka zile namba? Mizani ilikuwa inampima. Kila teke lililoingia namba zilipanda, akijikunja zinashuka, teke jingine zinapanda tena, na watu wakawa wanazitazama na kucheka. Wakamfunga mikono kwa ule mkanda wa plastiki wa kufungia robota, wakaukaza kwa chombo chake mpaka nyama ikafura pande zote mbili. Kisha mmoja akachukua nondo, akaviponda vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, ati asifunge tena mzigo wa mtu. Sauti ile naijua mpaka leo. Nikivunja mifupa ya kuku nasimamisha kula.

Na alikuwa akikuita wewe. "Nasra, waambie. Mwanangu, waambie." Sisi tulidhani anaomba huruma kwa mtoto wa watu. Wewe umesimama mlangoni, kompyuta umeikumbatia kifuani kama umezaa jana, mdomo umefumba.

Damu ilipoingia ndani ya mizani namba zikazimika. Laoban akaanza kupiga kelele juu ya mizani yake, ndipo watu wakaacha.

Hospitali hakwenda na polisi hakwenda. Mtu ambaye viza yake imeoza aende akajisalimishe mwenyewe? Vidole vilijiunga vyenyewe, vibaya, vimetazama huku na huku. Sasa yuko Kangle, kwenye warsha ya kushona, anakata nyuzi zilizobaki kwenye nguo, kwa mkono wa kushoto. Laoban wake mwanamke hakumuuliza kitu, aliutazama tu ule mkono unaofanya kazi. Huku kwetu hakuna anayempa hata gunia tupu ashike. Picha ile tuliitupa kwenye kundi la kago la kwenye simu, ikatoka kundi moja ikaingia jingine, imefika Kigoma. Mkewe wamemwonyesha sokoni. Binti yake shuleni anaitwa mtoto wa mwizi wa Uchina.

Kisha robota likaonekana. Wewe ulikuwepo simu ilipoingia. Madera yapo Dar es Salaam, yamepanda kwenye kontena la mtu mwingine, mazima, yamekunjwa kama nilivyoyakunja. Yule wa kwenye kamera alikuwa mbebaji tu, kaambiwa beba hiki weka kule. Hapakuwa na mwizi. Tulimvunja mtu kwa ajili ya mwizi asiyekuwepo.

Nikakuita, nikafunga mlango. Nataka uyasome maneno yako mwenyewe, maana naona umeshaanza kuyasahau.

"Mashine yako ilimwonaje Shomari?"

"Haikumwona, Bibi."

"Mbona uso ni wake?"

"Pale uso haukuwepo. Ikikuta pengo inachora cha kujaza. Inakisia, kwa zile picha ilizofundishwa."

"Ilifundishwa picha za nani?"

Ukatazama sakafu. "Za mjomba Shomari. Karibu zote ni zake."

"Na ulijua lini?"

"Palepale. Kwenye ule uso uliochorwa kichwa kimeinama vilevile nilivyomwambia akiinamishe siku ile ya picha."

Nilikuzaba kofi. Sikuombi radhi ya kofi lile. Ila nikwambie, nusu yake ilikuwa yangu, sikupata pa kujipiga.

Sasa nikupe jambo ambalo hata mama yako sikumpa lote.

Nilikuwa na kaka, Hemedi. Wewe umesikia alikufa Kariakoo, ukadhani gari. Haikuwa gari. Alikuwa amebeba redio ya baba anaipeleka kwa fundi, mimi nafuata nyuma na betri zake kwenye kikapu. Mwenye duka mmoja wa Mtaa wa Kongo alikuwa amekosa redio yake asubuhi ile. Akaiona redio mkononi mwa Hemedi, akaita mwizi, mara moja tu. Hakuita mara ya pili, haikuhitajika. Walitoka watu nisiowahi kuwaona, mama lishe na mwiko wake, kinyozi na shuka shingoni. Matofali. Mtu alileta tairi kabla hata mwingine hajauliza redio ni ya nani. Nilikuwa nimesimama karibu, nasema "ya baba, ni ya baba," na betri mkononi nawaonyesha. Moto ule una harufu, Nasra. Sitakuandikia.

Redio ya yule mwenye duka ilikuwa chini ya meza yake, imefunikwa na maboksi. Akaja nyumbani kwetu jioni moja, kajifunika kanzu mpaka kichwani, mkononi sukari na doti ya kanga. Akalia mbele ya mama. Mama akapokea sukari, afanye nini. Yule bwana akaondoka moyo mweupe. Lakini Mtaa wa Kongo hakusema neno. Pale alipoita mwizi hakurudi kusimama aseme nilikosea. Mama yangu akaishi mama wa mwizi mpaka tulipomzika, akienda bombani wenzake wanashika ndoo zao. Sukari tuliinywa. Jina halikurudi.

Unadhani niliyaona yale nikajifunza? Sikujifunza kitu. Nilichotoka nacho pale ni kupiga wa kwanza kabla sijapigwa. Nimepiga wanaume wawili na dada wa mume, nimempiga mama yako mpaka akakimbilia Maskati, ndiyo, sema mwenyewe kwa nini haji. Siku Shomari aliponipa shikamoo, mimi ndiye nilikuwa yule mwenye duka. Tofauti yetu, mimi nilikuwa na picha, yule bwana alikuwa na sauti tu.

Na wewe umeshika mfuko wa machungwa.

Sasa huko uendako. Wale wafanyabiashara wa Kariakoo waliokukatia tiketi hawakukuita kwa sababu mashine yako inajua robota lililolowa. Walisikia mjukuu wa Bi Mwanaidi amenasa mwizi kwa kompyuta. Wewe mwenyewe ulipoongea nao kwenye simu uliwaonyesha picha ya Shomari, kiazi upande huu, uso upande huu, nao wakapiga makofi. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Wanataka nyuso. Unakwenda kuwafungia mashine ya nyuso mahali ambapo kaka yangu alichomwa kwa neno moja bila picha. Hapa Guangzhou tulimwacha mtu hai, na vidole vibovu, kwa sababu tu laoban aliililia mizani yake. Kule nani atalilia nini?

Juzi ukanambia, "Bibi, nitaiondoa ile sehemu ya nyuso kimyakimya nikifika. Nikiwaambia sasa watafuta safari."

Waifute. Utakaa hapa utapima mapazia na mimi, hutakufa. Lakini kimyakimya sitaki kuisikia. Kimyakimya ilimla mama yangu akiwa mzima.

Basi nisikilize. Kesho ni Ijumaa. Wakitoka kuswali wanakuja wote kago kupakia, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, Kamau atakuwepo, yule wa nondo atakuwepo. Ndege yako ni usiku, una muda. Utapanda juu ya mizani ile ile, kompyuta mkononi. Hutaanza kwa maneno yako ya chuo, watakwambia shuka. Utanipiga picha mimi. Nitakupa mgongo, nitatembea na robota begani kama yule mtu, nitakuwa na baibui langu na uzee wangu wote. Uufute uso wangu uwe kiazi. Kisha uisafishe mbele yao, waone kwa macho yao mashine inaniotesha mimi pua ya Shomari, shavu la Shomari, kovu la Shomari. Wakishaona bibi kizee amegeuka Shomari ndipo useme: mwizi hakuwepo, uso niliutengeneza mimi, nilijua na nikanyamaza. Useme kwa Kiswahili, urudie kwa Kichina laoban asikie. Mtu arekodi. Ipelekwe kwenye kila kundi ilikopita ile picha, na Kigoma, na kwa hao wa Kariakoo kabla hujakanyaga metro ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Wakikutaka baada ya hapo, nenda. Utawahesabia marobota yao vizuri, na nyuso waachie wenyewe.

Ukimaliza nitapanda mimi. Mita yangu ina tundu, karibu na ncha, jino la Shomari liliingia pale. Nimeendelea kupimia vitambaa kwa mita hiyo hiyo, na kila nikipima kidole changu kinapita juu ya tundu. Nitampa mkononi, mbele ya watu. Atakachotaka kufanya nayo ni shauri lake. Akininyanyulia, mtu asimshike. Wewe ndiye wa kwanza, nakukataza.

Lakini yote hayo ni kama atakubali kuja. Hatujamuuliza. Ule mwili ni wake na jina ni lake, tusimburute mara ya pili kwenye mizani kwa hiari yetu. Akikataa kuja, muulize anataka tuseme nini, na tutasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo nywele zako acha zilivyo, begi liache wazi. Vaa viatu uende Kangle sasa hivi, warsha hazijafunga, utamkuta kwenye ngazi ya nyuma na mkasi wake. Usifunike uso. Usipitie kwa muuza machungwa. Ukifika simama mbele yake ambapo wenzake wote wanakusikia, umpe shikamoo yake, ndipo umuulize.